Mnapotembea wawili mjini Arusha, mwenzako ndiye wa kwanza kuona hatari

Chukulia ni Jumamosi. Watoto wamebaki na bibi yao, na wewe na mwenzi wako mmeamua kufanya jambo mlilokuwa mkiliahirisha kwa miaka: kuuzunguka mji wa Arusha kwa miguu, kama wageni. Mmeanzia Mnara wa Saa, mmeingia makumbusho, mmepiga picha Mnara wa Mwenge. Saa saba mchana mko Soko Kuu. Ghafla mwenzako anakuwa mkali. Anagombana na muuza maparachichi kwa sababu ya shilingi mia mbili. Unamuuliza kulikoni, anakujibu, "Niache!" Jasho linamtoka ingawa kuna ubaridi. Unaudhika, unaona ameamua kuharibu siku.

Pengine hajaamua chochote. Kama ana kisukari na anatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, huenda unachokiona si hasira bali sukari iliyoshuka mwilini. Ubongo hutegemea sukari ili ufanye kazi. Ikipungua, mtu anaweza kubadilika tabia kabla hajaanguka, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kutambua.

Ndiyo maana wiki hii, mpenzi msomaji, tunazungumzia matembezi ya wawili. Wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo la juu la damu huambiwa kliniki, "Fanya mazoezi, tembea." Wakirudi nyumbani wanabaki na maswali: nitembee wapi, kwa kasi gani, nibebe nini, na nikizidiwa njiani itakuwaje? Tutajibu maswali hayo tukiwa barabarani, katika mji ambao wengi wetu tunaupita kila siku bila kuutazama.

Kutembea ni sehemu ya dawa

Unapotembea, misuli ya miguu hutumia sukari iliyo kwenye damu, hata kwa mtu ambaye mwili wake hauitumii insulini vizuri. Faida hiyo haiishi unapoketi. Mwili huendelea kuitumia insulini vizuri zaidi kwa saa nyingi baadaye, mara nyingi hadi siku ya pili. Kwa mwenye presha, kutembea mara kwa mara huifanya mishipa ya damu ilegee na kusaidia kushusha shinikizo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na ushauri huo unawahusu pia wenye magonjwa ya kudumu kama kisukari na presha, kwa kadiri ya uwezo wao. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Kutembea kwa haraka kidogo ni mazoezi ya wastani. Hakuhitaji ada ya jimu wala vifaa.

Lakini siku nzima ya kutembea si sawa na dakika 20 za jioni kuzunguka mtaa. Mwili unatumia sukari nyingi zaidi, miguu inabeba mzigo kwa muda mrefu na maji yanapungua mwilini. Kama hujazoea, anza wiki tatu au nne kabla kwa dakika 10, kisha 15, kisha 30. Matembezi ya mji yawe mtihani wa mwisho, si somo la kwanza. Na kama unatamani miteremko ya Mlima Meru, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, subiri. Mji kwanza, mlima baadaye na kwa ruhusa ya daktari.

Kabla hamjafunga mlango

Kunyweni chai kamili, yenye kitu cha kushibisha. Mgonjwa wa kisukari asitoke na tumbo tupu kwa kudhani "nitakula mjini". Mwenye kipimo cha sukari nyumbani apime. Kama anatumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi na kipimo kinasoma chini ya 5, ale kwanza kabla ya kuondoka. Kikisoma juu ya 14 na anajisikia vibaya, ana kiu kali au anatapika, siku hiyo si ya matembezi, aende hospitali.

Mwenye presha naye apime. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, asiende matembezini. Apumzike, apime tena, na ikibaki hapo amwone daktari siku hiyohiyo. Akiwa na maumivu ya kifua, kichwa kinachouma sana au macho kuona ukungu, asisubiri kupima mara ya pili.

Dawa zinywewe kama kawaida. Wapo wanaoacha kidonge cha kukojoa siku ya safari kwa kuogopa kutafuta choo. Usifanye hivyo bila kuongea na daktari wako. Badala yake, ulizeni mapema choo kiko wapi kila mnapofika. Makumbusho na migahawa huwa navyo. Wanaojidunga insulini wamuulize pia daktari kama wapunguze kipimo siku ya kutembea sana, na wasijidunge pajani kabla ya kutembea, kwa sababu msuli unaofanya kazi hufyonza dawa haraka. Tumboni ni salama zaidi.

Sasa viatu. Msichague siku hii kuzindua viatu vipya. Vaeni vilivyozoeleka, vilivyofunika vidole, pamoja na soksi safi za pamba. Kandambili ziacheni nyumbani. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani ya kiatu upapase. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu, na mtu anaweza kutembea kutwa nzima na kijiwe au msumari bila kusikia maumivu.

Kwenye mkoba wekeni maji, glukosi ya unga au sukari iliyofungwa vizuri, ndizi mbili au kipande cha mkate, dawa za mchana, kadi ya kliniki na kofia. Insulini isiachwe juani wala kwenye gari lililofungwa vioo.

Halafu jambo kubwa kuliko yote: mwambie mwenzako. Mwambie unatumia dawa gani, glukosi iko mfuko upi, na ukibadilika tabia afanye nini. Wapo waume wanaojidunga insulini bafuni ili mke asijue, na wapo wake wanaoficha vidonge vya presha chini ya kanga. Mtembezi wa namna hiyo hata akiongozana na mtu ni kama yuko peke yake.

Njia yenyewe

Anzeni saa mbili asubuhi pale Mnara wa Saa, mahali ambapo wenyeji husema ni katikati ya safari ya kutoka Cape Town hadi Cairo. Hakuna haja ya kukimbia. Dakika 10 za mwanzo ziwe za mwendo wa polepole ili moyo na viungo vipate joto.

Pandeni Barabara ya Boma hadi kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe, yaliyomo ndani ya Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900. Humo mtaona habari za chimbuko la binadamu. Mkoa huuhuu wa Arusha, huko Laetoli wilayani Ngorongoro, ndiko zilikopatikana mwaka 1978 nyayo za miaka takribani milioni 3.6, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, wakiongozana kwenye majivu ya volkano. Kwa hiyo tiba tunayoijadili leo mwili wako unaifahamu siku nyingi. Kaeni kwenye kivuli cha bustani, nyweni maji, mpumzike dakika 20.

Jirani na hapo kuna majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, ambako Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa na makao yake hadi ilipofungwa mwaka 2015. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru nayo haiko mbali na hapo. Ioneni na muikumbuke ilipo. Mtembezi mwenye ugonjwa wa kudumu hujua hospitali iko upande gani kabla hajaihitaji.

Kutoka hapo shikeni Barabara ya Makongoro kuelekea magharibi hadi Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha. Azimio lenyewe lilipitishwa na TANU mjini hapa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5 mwaka huo. Wenye umri mkubwa watakuwa na mengi ya kusimulia. Hapo ni kituo cha pili cha kupumzika. Kama ni saa tano asubuhi, kuleni kitu kidogo hata kama njaa haijauma.

Kisha teremkeni taratibu hadi Soko Kuu, na mrudi Mnara wa Saa kwa Barabara ya Sokoine. Ukijumlisha na mizunguko ya ndani ya makumbusho na sokoni, mtakuwa mmetembea kilomita nne au tano hivi. Mnaweza kukatisha popote na kupanda daladala au bajaji. Hakuna aibu. Mazoezi hayahesabiwi kwa ukaidi.

Mazungumzo yenu ndiyo kipimo

Mtajuaje kama kasi ni sahihi? Hamhitaji saa ya kisasa ya kuhesabu mapigo. Ongeeni. Mtu anayetembea kwa mwendo wa wastani anaweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Kama anaweza kuimba, ongezeni mwendo kidogo. Kama anasema maneno mawili matatu kisha anahema, punguzeni. Anayetembea peke yake hujidanganya kwa urahisi. Wa wawili husikika na mwenzake.

Kumbukeni pia mko katika mji ulio mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Dar es Salaam au Tanga anaweza kuhema mapema siku za mwanzo. Na ubaridi wa Arusha una hila: mtu hatoki jasho la kuloa, hivyo husahau kunywa maji, huku jua la sehemu za miinuko likiunguza ngozi hata penye mawingu. Wenye ualbino wavae kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua, na wapange kumaliza kabla ya saa sita.

Msikilizeni mwili. Ndimi ya mguu ikiuma kila mnapotembea umbali fulani na kutulia mnaposimama, hiyo inaweza kuwa dalili ya mishipa ya damu ya miguuni kuziba. Mweleze daktari. Kifua kikibana, maumivu yakienda begani, mkononi au kwenye taya, au mtu akikosa pumzi ghafla, matembezi yameisha. Mketisheni, itafuteni bajaji au teksi, mwende hospitali mara moja. Vivyo hivyo mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu au maneno yakivurugika. Hiyo inaweza kuwa kiharusi, na kila dakika ina thamani.

Sukari ikishuka njiani

Turudi Soko Kuu, kwa yule aliyegombana na muuza maparachichi. Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kichwa kuuma, kuona kiwi, ukali usio na sababu, kuchanganyikiwa na kupepesuka kama mlevi. Wapita njia huweza kusema, "Huyu kalewa asubuhi yote hii." Wewe unayemjua ndiye utakayesema, "Hapana, huyu ana kisukari."

Wanaotumia atenolo au propranolo kwa ajili ya presha au moyo wawe waangalifu zaidi. Dawa hizo zinaweza kuficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Jasho mara nyingi hubaki. Kwa hiyo ukiona mwenzako analoa jasho wakati wewe umevaa sweta, usipuuze. Anayetumia metformini peke yake ni nadra kushukiwa sukari kwa kiwango cha hatari.

Usibishane naye na usimwache aende "kujitafutia hewa". Mketishe. Kama kipimo kipo, pima. Chini ya 3.9 sukari imeshuka. Kama kipimo hakipo, usisubiri, tibu kwanza. Mpe vijiko vitatu vya chai vilivyojaa vya glukosi au sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au juisi ya miwa kama iko karibu. Soda isiyo na sukari haitasaidia. Chokoleti na vitu vya mafuta huchelewa. Subirini dakika 15. Kama hajabadilika, rudia. Akishatulia, ale ndizi au mkate ili sukari isishuke tena, na msiendelee na safari mpaka awe sawa kabisa.

Akipoteza fahamu au akishindwa kumeza, usimwekee chochote mdomoni, wala maji wala sukari. Atapaliwa. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali, na ukifika sema neno la kwanza kabisa: "Ana kisukari."

Hatari hiyo haiishi jioni. Baada ya siku ndefu ya kutembea, sukari inaweza kushuka usiku wa manane. Apime kabla ya kulala, na kama iko chini ya 6 hivi, ale kitu kidogo. Mwenzake akimwona anaweweseka au shuka limeloa jasho, amwamshe.

Chakula na maji, hasa mkiwa na watoto

Mchana msijilipe kwa sahani ya chips na mishikaki iliyomwagiwa chumvi. Saa mbili za kutembea hazifuti mlo huo, na chumvi hupandisha presha. Ndizi za kupika na nyama, ugali wa kiasi na mboga nyingi, au maharage yenye mchicha vinatosha. Loshoro ni chakula kizuri cha wenyeji, lakini mahindi na ndizi zilizomo ni wanga, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari apime kwa kikombe, si kwa hamu. Baada ya kula, tembeeni tena dakika 10 au 15 taratibu. Hilo peke yake hupunguza kupanda kwa sukari baada ya mlo.

Kuhusu maji, wazazi wasikilize hapa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huingiza madini ya floraidi kwenye vyanzo vingi vya maji vya eneo hili, vingine kwa kiwango kinachozidi sana miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na WHO. Ndiyo sababu Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga, yaani tangu utotoni hadi miaka minane hivi, hupata meno yenye madoa ya kahawia. Floraidi ikizidi kwa miaka mingi hudhuru hata mifupa.

Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi huongezeka katika yaliyobaki. Kwa siku moja ya matembezi hakuna cha kuogopa. Lakini mkirudi nyumbani ulizeni mamlaka ya maji chanzo chenu kina kiwango gani, mtumieni mtoto maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kuchemshwa au yaliyochujwa kwa chujio la mkaa wa mifupa, na mpunguze magadi jikoni, kwani nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Jioni, vueni viatu

Matembezi hayajaisha mpaka miguu imekaguliwa. Osheni kwa maji ya vuguvugu, na anayepima joto la maji awe yule asiye na kisukari, kwa kiwiko. Wagonjwa wameungua miguu kwa maji ya moto bila kuhisi. Kausheni vizuri hadi katikati ya vidole.

Kisha mwenzako akuangalie nyayo. Ni vigumu kuziona nyayo zako mwenyewe, hasa kwa mwenye tumbo kubwa au macho yaliyofifia. Yeye aangalie kisigino, chini ya kidole gumba na kati ya vidole: wekundu, lengelenge, mchubuko, sehemu yenye joto kuliko nyingine. Lengelenge lisitumbuliwe. Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya mtama, kisafishwe kwa maji safi, kifunikwe, na kionwe na mtaalamu kesho yake. Msipake majivu, dawa ya meno wala mitishamba. Miguu mingi iliyokatwa kwa kisukari ilianza na kidonda ambacho mtu alisema, "Kitapona chenyewe."

Basi, msomaji, pangeni siku yenu. Kabla ya hapo, leo jioni, mweleze mwenzi wako mambo matatu: dawa unazotumia, glukosi inapokaa, na sura yako inavyobadilika sukari ikishuka. Kama huna mwenzi, mweleze mwanao mkubwa, jirani au rafiki wa kutembea naye. Na wewe unayesindikiza, siku mwenzako atakapokujibu kwa ukali katikati ya soko huku jasho likimtoka, kabla hujakasirika, fungua mkoba utoe glukosi.

Makala hii ni ya elimu kwa jumla. Vipimo na dawa zako vijadili na daktari au muuguzi wa kliniki yako. Tukutane wiki ijayo.